Sindano Zisizo na Dawa

Ijumbi, 9 Juni 1947

Bwana Josia Rutashobya,
Ghala la Kahawa, Bandarini, Bukoba

Tumsifu Yesu Kristo.

Hunifahamu kwa sura, lakini mimi naufahamu mwandiko wako. Ndio uliotuletea habari za ndugu yangu Datius miaka yote ya vita, kwa kuwa yeye aliacha shule kabla ya kuijua kalamu vizuri. Herufi yako ya "p" ina mkia mrefu unaogusa mstari wa chini. Mimi ni Alistidia, dada yake mkubwa, niliyekuwa nikimsomea mama yetu barua hizo.

Tangu tulipopata karatasi ya jeshi kwamba amefariki hospitalini kwa homa huko Bara Hindi, sikukuandikia hata neno la kukushukuru. Nisamehe. Kila nilipochukua karatasi nilikumbuka jambo dogo lisilo na maana, kama vile alivyolala na kisigino kimoja nje ya blanketi, nikaiweka karatasi chini.

Leo naandika kwa sababu ya Mae, mama yetu. Anaumwa kiuno, yapata miezi mitatu sasa. Hawezi kukaa chini kumenya ndizi. Anamenya amesimama, ameegemea nguzo, na maganda yanaanguka mbali na ungo. Anapoinuka hushika ukuta.

Katika barua ya mwisho Datius alisema hivi, nainakili kama ilivyo: "Tumbo lilinisumbua sana, lakini kuna mzee Mchina mwenye sindano zisizo na dawa ndani, alinichoma nazo, na sasa tumbo limepona. Msiwe na wasiwasi." Rweyemamu, dereva wa lori la kahawa, ametuambia kwamba ulijifunza kazi hiyo kwa mzee huyo, na kwamba sindano zake unazo ndani ya kopo la sigara. Tangu Mae asikie hivyo, hataki dawa nyingine. Majani ya mubilizi ameacha kuyanywa. Mzee anayepiga chuku alikuja na pembe zake, Mae akamrudisha toka mlangoni. Anasema kilichomponya mwanawe kitamponya na yeye.

Tafadhali njoo. Tutakupokea barabarani.

Ni mimi,
Alistidia


Bukoba, 20 Juni 1947

Dada Alistidia,

Barua yako nimeipata. Nawapa pole, wewe na Mae, pole ambayo nilipaswa kuileta mwenyewe kwa miguu yangu mwaka jana niliporudi.

Kuja siwezi kwa sasa. Ni wakati wa mavuno, magunia yanaingia ghalani tangu alfajiri na sisi makarani hatupewi ruhusa. Tena sindano zenyewe zimeshika kutu.

Maumivu ya Mae yako wapi hasa? Ni mgongoni, au yanazunguka mbele? Anakula? Amepungua mwili? Naomba unijibu hayo. Ingefaa zaidi aonwe na daktari wa misheni. Sindano za Mchina ni jambo la kujifunza kwa miaka mingi, na mimi nilikaa naye miezi michache tu.

Wako,
Josia


Ijumbi, 2 Julai 1947

Ndugu Josia,

Nimemuuliza Mae maswali yako. Anasema ni kiuno, na kwamba kiuno kiko nyuma, hata nyinyi Walutheri mnajua. Anakula kidogo. Amepungua, ndiyo, lakini nani hajapungua katika nyumba hii.

Kuhusu kutu, nisamehe nikisema ukweli. Rweyemamu anasema mwezi wa tatu ulimchoma mpakiaji mmoja wa bandarini aliyeshindwa kuinua bega, na kesho yake akabeba gunia. Basi kutu imeingia lini?

Kama ni watu wa hapa unaowaogopa, usiwaogope. Jirani yetu Ma Kokubanza aliposikia neno sindano alikuja mbio. Unajua huku sindano maana yake nini, ni ule ugonjwa wanaoletewa wake za watu kutoka mjini. Akasimama mlangoni akamwambia Mae, "Shoga yangu, katika umri huu? Nani huyo?" Mae alicheka mpaka akashika ubavu. Nikamweleza kwamba sindano hizi hazina dawa yoyote. Akasema, "Sasa zinaingiza nini, upepo?" Kijiji kizima sasa kinamngoja mtu wa sindano za upepo.

Nina swali lingine ambalo nimelibeba kwa muda mrefu. Ulikuwa naye alipofariki? Karatasi ya jeshi ilisema homa, basi, mstari mmoja. Mae huniuliza kama aliomba maji. Alipokuwa mdogo akipata homa alikataa maji, alitaka alambe kijiko kilichokorogea asali. Sijui kwa nini nakuandikia hili.

Nimempa Rweyemamu kifungu cha kahawa ya kutafuna, tumeichemsha na majani yake kama Datius alivyoipenda.

Alistidia


Bukoba, 15 Julai 1947

Dada Alistidia,

Asante kwa kahawa. Nimeitafuna hapa juu ya magunia nikarudi kambini kwa mawazo dakika kumi, maana Datius alituma kifungu kama hicho kizunguke platuni nzima, na watu wa Nyasa wakatema.

Kabla ya swali lako, nikueleze kwanza kuhusu yule mzee. Duka lake lilikuwa nyuma ya mafundi viatu, chumba kimoja chembamba chenye droo ndogo ukuta mzima, kila droo na maandishi yake. Ndani yake mizizi, magome, maua makavu, hata ngozi ya nyoka. Harufu yake ni maganda ya chungwa yaliyokauka pamoja na moshi. Alipima kwa mizani ndogo ya mfupa unayoweza kuificha katika mkono wa shati. Mimi nilipelekwa kwake na Shebe, mpishi wetu kutoka Mombasa, aliyejua Kihindi, kwa sababu bega langu lilikuwa limeharibika kwa kubeba masanduku ya mabomu. Sindano zake ni nyembamba kama sharubu za paka. Akanichoma kwenye kiganja. Nikamwambia Shebe, "Mwambie mzee amekosea mahali, ni bega." Shebe akamwambia, mzee akacheka na kuniongeza nyingine mguuni. Kisha akawasha majani makavu yaliyosokotwa kama sigara nene, akayapitisha karibu na ngozi bila kuigusa, joto likazama ndani. Niliporudi kambini nilijikuta navaa shati kwa mikono yote miwili. Baada ya hapo nilikwenda kila nilipopata ruhusa. Nilimfulia, nilimchemshia mizizi, naye akanionyesha mahali pa kuchoma kwa kuniwekea kidole changu mwenyewe juu ya mwili wangu. Siku ya mwisho alinipa hizi sindano kumi na mbili.

Ndiyo, nilikuwa na Datius. Alipo

Nimeitwa ghalani. Mpelekeni Mae kwa daktari. Nakuomba sana dada, mpelekeni wiki hii. Nimeweka humu mzizi mtamu kutoka duka lile, aunyonye tu, hauna madhara.

Josia


Ijumbi, 30 Julai 1947

Ndugu Josia,

Uliandika "Alipo" ukaitwa ghalani. Uliporudi kutoka ghalani kalamu ilikuwa bado ipo, kwa maana uliendelea na mzizi.

Mimi si mtu wa kugombana. Mae huniambia nilizaliwa nimeomba radhi. Lakini wiki hii nimechoka. Mae hasimami tena kumenya ndizi, amelala upande mmoja siku nzima, magoti yamekunjwa. Nimemsihi twende hospitali. Padre amemsihi. Ma Kokubanza amemtukana. Unajua anajibu nini? "Mwanangu aliugua tumbo, Mchina akamponya kwa sindano. Halafu akaingia hospitali, akafa. Sasa mnataka niingie mlango upi?" Barua ipo. Ameiweka ndani ya kitabu cha sala, na kila anayekuja kumshauri anaonyeshwa mstari ule. Hajui kusoma lakini anajua ulipo.

Mdogo wetu Klaudia ameolewa Ngenge, ana watoto wadogo wanne. Mae amenikataza kumwandikia. Asiambiwe, anasema, Josia atakuja, tutamwandikia nikiwa nimepona.

Kama hutaki kuja, sema hutaki. Lakini sema pia kwa nini, ili nipate neno la kumwambia.

Alistidia


Bukoba, 4 Agosti 1947

Dada Alistidia,

Sindano hazina kutu. Nilidanganya.

Nitaandika upesi kabla sijaichana hii kama nilivyochana nyingine. Majina ya watu wa kurudi nyumbani kwa meli yalikuwa yamebandikwa, langu na la Datius. Aliyekutwa hospitalini alifutwa, angoje meli nyingine, huenda miezi sita. Siku hizo hizo Datius akashikwa na tumbo, upande wa kulia chini. Akasema, "Josia, ukinipeleka kwa daktari, mwaka huu utakula senene na mama yangu bila mimi." Nikampeleka kwa mzee.

Mzee alimshika kifundo cha mkono muda mrefu, wa kulia, kisha wa kushoto. Akamgusa tumbo, Datius akakunja miguu. Mzee akatikisa kichwa akasema maneno mengi. Shebe akatafsiri kwa Kiswahili cha kwao, upesi upesi: "Anasema atamchoma, yatapoa. Leo yatapoa, labda na kesho. Lakini aende kwa daktari."

Mimi Kiswahili nilikipata shuleni, kitabuni, na jeshini kwa kupiga kelele. Wakati ule kwangu kupoa na kupona lilikuwa neno moja, watu wengine wakiongeza "n". Kwa Kihaya nisingekosea, maneno hayo hayafanani hata kidogo. Nikamgeukia Datius nikamwambia kwa Kihaya: utapona. Akachomwa. Baada ya muda akaketi, akaomba viatu vyake, akaniuliza kama nimeona alivyokuwa akijikunja kama jongoo.

"Aende kwa daktari" nilisikia. Hilo sikulikosea. Nilisikia vizuri nikanyamaza, kwa sababu alikuwa anacheka na kwa sababu nilitaka turudi pamoja.

Kesho yake alinitajia kwa Kihaya maneno ya barua ya kwenu, nami nikayageuza Kiswahili, maana afisa alitaka kuzisoma barua zote. Nikaandika limepona. Siku ya tatu alianguka kwenye gwaride. Hospitalini walisema utumbo ulikuwa umepasuka ndani, na kwamba mtu mwenye maumivu kama hayo angekuja mapema, walishangaa kwa nini hakuja. Hakufa kwa sababu ya hospitali. Alifika amechelewa, na nikawa mimi niliyemchelewesha. Homa ni neno la karani wa jeshi.

Nilipomlaumu Shebe aliniambia, "Mimi nilisema yatapoa. Chai ndiyo hupoa, bwana. Mgonjwa hupona. Hujui?" Sikujua.

Maji aliomba. Nilimpa kwa kijiko. Asali haikuwepo.

Yule mpakiaji nilimchoma kwa kuwa alinisihi, na tangu siku hiyo kopo la sindano sijalifungua. Msomee Mae barua hii yote, na ile iliyo kwenye kitabu cha sala iondoeni. Mpelekeni hospitali.

Josia Rutashobya


Ijumbi, 29 Agosti 1947

Ndugu Josia,

Nimekaa siku nyingi bila kukujibu. Siku niliyoipokea barua yako nilikwenda kibanjani kwenye migomba nikang'oa magugu mahali ambapo nilikuwa nimeshang'oa. Kisha nilitoa ile ya zamani kwenye kitabu cha sala, nikaifunika "n" kwa ukucha. Inasomeka vizuri tu. Wino ni ule ule. Nimefanya hivyo mara nyingi, nafunika, nafunua.

Nilipomwogesha Mae nikamuuliza, "Mae, ni kiuno kweli?" Akasema ni kiuno. Nikaweka mkono juu ya tumbo, akaushika akauondoa, kama unavyoondoa mkono wa mtoto kwenye chungu cha moto. Nikauliza tangu lini. Tangu kabla ya Kwaresima ya mwaka jana, akasema. Nikauliza kwa nini alisema kiuno. "Tumbo watu wanaulizana. Kiuno ni uzee tu, wanakuacha."

Ndipo nikamsomea. Nilisoma polepole nikitafsiri, na mahali pa maji na kijiko nilisoma mara mbili. Hakulia. Aliuliza, "Huyo Josia alikuwa na umri gani?" Nikasema ishirini na mbili, kama Datius. Akavuta blanketi begani. Halafu akasema, "Kumbe yule Mchina alisema daktari."

"Ndiyo, Mae."

"Alisema wazi?"

"Alisema wazi."

"Basi nipelekeni kwa daktari. Mnangoja nini?"

Tulimbeba kwa machela, wanaume wanne wakipokezana, na Ma Kokubanza akitembea kando akiwaambia wanabeba kama wamebeba kuni. Daktari alimpima siku mbili. Ni uvimbe tumboni, mkubwa, umeshika kila mahali, hawezi kuukata. Nilimuuliza kama tungekuja mwezi wa sita ingekuwaje. Akasema vivyo hivyo. Labda mwaka jana mwanzoni, labda. Nakuandikia hilo makusudi, kwa kuwa najua utahesabu miezi.

Amempa vidonge vya maumivu, lakini anavitapika. Amesema tumrudishe nyumbani. Nilimweleza habari za sindano, nikidhani atanifukuza. Akasema haoni ubaya, ikiwa hatutarajii ziuondoe uvimbe.

Josia, sijui kama nimekusamehe. Kuna asubuhi naamka nimekusamehe, halafu naona vile viatu vyake vya zamani juu ya dari naanza upya. Usiniulize. Lakini Mae ameomba uje, na safari hii sote tunalijua neno. Hatukuombi apone. Tunaomba apoe, aweze kuketi. Anataka kumenya ndizi ameketi.

Alistidia


Bukoba, 2 Septemba 1947

Dada Alistidia,

Nakuja Jumamosi na lori la Rweyemamu. Sindano nimezichemsha na nitazichemsha tena huko. Kila jioni najichoma mwenyewe mguuni ili mkono uzoee tena. Majani ya kuwasha yaliniishia, nitakuja na joto la kitambaa tu.

Nimewaza nitasema nini nikiingia mlangoni, sijapata. Usinikaribishe kwa chakula kwanza. Nionyeshe alipo.

Josia


Ijumbi, Jumapili, 19 Oktoba 1947

Kwa Klaudia, Ngenge. Mume wako akusomee hii polepole.

Mwanangu Klaudia,

Mimi ni mama yako. Anayeandika ni Josia, yule aliyekuwa vitani na Datius. Dada yako nimemtuma kisimani makusudi, maana yeye akiandika atailainisha. Huyu nimemwambia aandike ninachosema na asiguse herufi, halafu anisomee mara mbili.

Nina uvimbe tumboni. Daktari ameshindwa kuukata. Dada yako amekuficha kwa sababu nilimkataza, usimkasirikie, kasirika na mimi, nipo bado.

Huyu Josia huja kila Jumamosi na lori, hulala kwa Ma Kokubanza, hurudi Jumatatu. Siku ya kwanza alisimama mlangoni kama mtu aliyeleta wito wa mahakama, hakuingia. Nikamwambia ingia, unanizibia mwanga. Nikiumwa tumbo ananichoma sindano mguuni. Nilimwambia nyinyi Walutheri hata mwili hamuujui. Haziumi kuliko siafu. Akimaliza nalala kidogo, nikiamka naketi. Jana nimemenya ndizi sita nimeketi chini, maganda yote ndani ya ungo. Ma Kokubanza, aliyezicheka sindano za upepo, sasa analeta goti lake kila Jumamosi kabla Josia hajateremka kwenye lori.

Sasa sikiliza. Tumbo limepoa. Halijapona wala halitapona.

Ameacha kuandika. Namngoja.

Ameendelea. Siku za kupoa ni chache kila wiki, na zinapungua, huyu mwenyewe ananiambia nikimuuliza, hanifichi. Kwa hiyo usingoje senene, wala usingoje mtoto mdogo aache kunyonya. Mbebe. Njoo na wote wanne, ufike siku ya Jumamosi au Jumapili, unikute nimeketi.

Alama ya kidole hapo chini ni yangu. Nimesomewa mara mbili. Iko kama nilivyosema.

Mama yako,
Kokushubila